Majivu yamemshinda kiwavijeshi vamizi shambani kwangu: je, huo si ushahidi?

#1 Mkulima wa Bweyale
Salaam kwenu wote. Msimu uliopita nililima ekari moja ya mahindi hapa Kiryandongo, na kiwavijeshi vamizi alipoingia niliamua kufanya jaribio badala ya kulalamika. Katika nusu ya mashariki nilitia majivu ya jikoni ndani ya moyo wa kila mmea, pale majani machanga yanapochomoza, kiasi cha kubanwa na vidole vitatu, mara mbili kwa kupishana siku kumi. Nusu ya magharibi sikuitia chochote. Mbegu ilikuwa moja, nafasi ilikuwa sentimita 75 kwa 30 pande zote, na mvua haikubagua. Mashariki nimevuna magunia 11, magharibi 7. Bwana shamba mmoja niliyemsimulia alitabasamu tu, akasema hilo si jaribio. Naomba mnieleze: ikiwa mimea takribani 9,000 kila upande haitoshi kuwa ushahidi, ni kitu gani kitakachotosha?

#2 Mchuuzi wa Busia
Hongera kwa mavuno. Mimi kazi yangu ni kununua mahindi, kwa hiyo swali langu ni dogo: hayo magunia uliyapima kwenye mizani au uliyahesabu kwa macho? Miaka yote niliyokaa mpakani sijaona magunia mawili yanayolingana, hasa pale muuzaji anapoyashindilia na kuyashonea kilemba.

#3 Bibi Shamba, Masindi
Mkulima wa Bweyale, nakupongeza kwanza kwa kuacha upande mmoja bila kuutibu, kwa sababu wakulima wengi hutia dawa shamba zima kisha husifu dawa bila kuwa na cha kulinganishia. Hata hivyo nina maswali, na ningeomba uyajibu kwa uaminifu kabla hatujabishana. Shamba lako lina mteremko? Kabla ya msimu huo pande hizo mbili zilipandwa nini? Palizi ilifanywa siku moja? Mavuno yalifanywa siku moja? Na la mwisho, ambalo watu hulisahau: ni kitu gani kilichokufanya uchague mashariki iwe ndiyo ya majivu, na si magharibi?

#4 Mkulima wa Bweyale
Najibu kwa mpangilio. Mteremko upo, unashuka kuelekea mashariki, lakini si mkali. Msimu wa nyuma pande zote zilikuwa na maharage. Palizi ilianzia mashariki, magharibi ikafuata baada ya siku tano kwa sababu kijana aliyekuwa akinisaidia aliugua. Mavuno pia yalianzia mashariki, juma moja mapema. Magunia sikuyapima, niliyahesabu. Nilichagua mashariki kwa kuwa iko karibu na nyumba, na kubeba majivu ni kazi. Nikiri pia jambo moja ambalo mke wangu amenikumbusha sasa hivi aliposoma maswali yako: upande huo wa mashariki ndiko lilikokuwa zizi la ng'ombe la marehemu baba. Lakini ng'ombe hao waliondoka miaka tisa iliyopita.

#5 Afande Mstaafu
Zizi! Mzee, umetuleta kwenye vita halafu unatuambia katikati ya mapigano kwamba upande mmoja ulikuwa na ghala la chakula. Mimi si mtaalamu wa kilimo, lakini hapo hata kuruta angejua kwamba ushindi huo si wa majivu peke yake.

#6 Bibi Shamba, Masindi
Afande amesema kwa mzaha lakini amegusa penyewe. Mpaka sasa tofauti ya magunia manne ina angalau wadai watano. Samadi ya zizi inaweza kuacha rutuba kwa miaka mingi. Chini ya mteremko ndiko udongo mzuri na maji hukusanyika. Palizi iliyotangulia kwa siku tano huyapa mahindi machanga nafasi ya kuyashinda magugu. Mavuno ya mapema huenda yalikuwa na unyevu zaidi, kwa hiyo yakajaza gunia upesi. Majivu ni mdai wa tano, na hatuna njia ya kumpa haki yake kwa sababu wote watano walisimama upande mmoja. Sisemi majivu hayafanyi kazi. Nasema kwamba jaribio hilo halikuwa na uwezo wa kutuambia.

Kuhusu unyevu, ili msidhani natia chumvi: kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuuza ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukipima kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ukizikausha hadi kiwango hicho utabaki na kilo 92.5 tu. Zaidi ya kilo saba hupotea bila mdudu yeyote kuhusika.

#7 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Ningependa kujibu lile swali la mimea 9,000, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi, wakiwemo walimu wenzangu. Mkulima hakuitendea kila mmea kivyake. Aliutendea upande mzima, na mimea yote ya upande huo ilishiriki udongo mmoja, palizi moja na zizi moja. Kwa hiyo idadi ya majaribio aliyofanya si 9,000. Ni jaribio moja kwa upande wa majivu na moja kwa upande usio na majivu. Ni sawa na mtu anayetaka kujua kama Waarua ni warefu kuliko Wajinja, akampima Mwarua mmoja mara elfu na Mjinja mmoja mara elfu. Atakuwa amejua kimo cha watu wawili kwa usahihi wa kushangaza, na hatajua lolote kuhusu miji hiyo. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliupa mtindo huu jina, tunaloweza kuliita marudio bandia, baada ya kuukuta katika tafiti nyingi zilizochapishwa na watu wenye shahada kubwa. Usione aibu, basi.

Fikiria hivi pia: vipande viwili vya ardhi kamwe havitoi mavuno sawasawa. Lazima upande mmoja utangulie. Hata kama majivu hayana faida hata chembe, upande wa majivu ulikuwa na nafasi moja katika mbili ya kushinda.

#8 Kijana wa Mbale
Wataalamu mnapenda kuyafanya mambo kuwa magumu. Bibi yangu alitia majivu katika mahindi dhidi ya viwavijeshi tangu enzi za Obote, hakuwa na majaribio wala hesabu, na watoto wake wote walishiba. Je, elimu ya vizazi vitatu si ushahidi?

#9 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Ndugu yangu wa Mbale, kwa heshima ya bibi, kuna kosa la tarehe hapo. Kiwavijeshi vamizi ni mgeni kutoka bara la Amerika. Taarifa za kwanza za kuonekana kwake Afrika zilitoka Afrika Magharibi mwaka 2016, na Uganda ilithibitisha kuwepo kwake mwaka 2017. Yule ambaye bibi alipigana naye ni kiwavijeshi wa Kiafrika, ndugu yake, anayetembea kwa makundi makubwa juu ya ardhi na kula majani waziwazi. Huyu mgeni hujificha ndani ya moyo wa mhindi, anaacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na mara nyingi utamkuta mkubwa mmoja tu katika kila mmea kwa sababu hula wenzake. Dawa iliyomfaa mmoja inaweza isimfae mwingine.

#10 Kijana wa Mbale
Nimekubali kuhusu mdudu. Kuhusu bibi sijakubali.

#11 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Na huna haja ya kukubali. Ujuzi wa bibi ni mahali pazuri pa kuanzia dhana, na pengine bila wazee kama yeye tusingekuwa hata na swali la kuuliza. Tatizo ni kwamba misimu ambayo majivu yalishindwa haisimuliwi jioni. Mashambulizi haya huwa na kilele kisha hushuka yenyewe: mvua kubwa huwazamisha viwavi wachanga, nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai na miili yao, na mhindi uliotafunwa majani ukiwa mchanga huweza kuchipua na kuzaa vizuri. Mkulima hutia dawa siku anapoona hali imekuwa mbaya kabisa. Ukitia chochote siku ya kilele, hata ukisoma shairi, juma linalofuata hali itaelekea kuwa nafuu.

#12 Mchuuzi wa Busia
Sasa mimi nauliza kama mtu wa kawaida. Tuseme majivu yanasaidia kweli. Yanasaidiaje? Maana huku sokoni kila mtu ana maelezo yake.

#13 Fundi Mkaa, Nakasongola
Yanamkausha mdudu. Majivu hunyonya maji, na ngozi ya kiwavi ni laini. Hakuna siri.

#14 Mwalimu wa Kemia, Gulu
Inawezekana, lakini majivu pia yana potasiamu na kalsiamu, na hupunguza uchachu wa udongo. Mvua ikiyaosha kutoka katika moyo wa mmea hadi kwenye mizizi, mhindi unaweza kunufaika hata kama hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Katika hali hiyo utasema nimeua mdudu, kumbe umetia mbolea. Natahadharisha pia: msichanganye majivu na mbolea ya chumvichumvi yenye amonia, kwa kuwa naitrojeni hugeuka hewa na kupotea. Huenda wapo waliojaribu majivu wakashindwa kwa sababu hiyo tu.

#15 Mama Kuku, Lira
Mnasahau mkono. Mtu anayetia majivu katika kila mmea anaufungua moyo wa mmea na kuuchungulia. Akimwona kiwavi, atamwacha? Mimi nimetia majivu misimu miwili, na ukweli ni kwamba kila nilipomwona nilimbana kwa kidole, kisha ndipo nikatia majivu juu ya maiti.

#16 Mkulima wa Bweyale
Mama Kuku umenikamata. Nami nilikuwa nikiwabana. Upande wa magharibi sikuingia kabisa, kwa hiyo huko hawakubanwa.

#17 Bibi Shamba, Masindi
Mdai wa sita. Nilijua hajaisha.

#18 Muuguzi, Soroti
Naomba niingize kisa kutoka fani yangu, kwa sababu kinafanana na hiki kuliko mnavyodhani. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono baridi na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, mafunzo yalituambia tumwongezee maji ya mshipani kwa wingi na kwa haraka. Ilikuwa na mantiki, na tena tuliona kwa macho yetu: ndani ya saa moja mapigo yanatulia, mikono inapata joto. Hakuna muuguzi ambaye angekubali kuambiwa kwamba anachokiona si kweli.

Kisha likafanywa jaribio, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa maji ya chumvi kwa haraka, kundi la pili likapewa albumini (protini ya damu) kwa haraka, na kundi la tatu halikupewa mmiminiko huo wa haraka, lakini lilipata huduma nyingine zote. Katika saa 48 za kwanza, vifo vilikuwa asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi yaliyopewa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kweli dalili zilikuwa zikitulia zaidi kwa waliopewa maji, na bado walikufa zaidi. Yaani macho yetu hayakudanganya. Yalikuwa yakipima kitu kisichokuwa ndicho. Tangu siku niliyoyasoma matokeo hayo, mtu akiniambia «nimeona mwenyewe», huwa namuuliza aliona nini hasa na alilinganisha na nani.

#19 Afande Mstaafu
Dada Muuguzi, hili limenikaa rohoni. Lakini kuna jambo linanisumbua. Kumgawia mtoto matibabu kwa bahati nasibu, si ukatili? Hata mkulima huyu, je, ni haki auache upande mmoja uliwe na wadudu ili tu ajue?

#20 Muuguzi, Soroti
Afande, swali lako ndilo ambalo kamati za maadili huanza nalo. Kura inahalalishwa pale ambapo hakuna anayejua kwa hakika ni upande upi ulio bora, na wazazi wameelezwa wakaridhia. Kuna pia njia ya kuwachelewesha watu badala ya kuwanyima. Kule Rakai, hapa Uganda, katika jaribio la tohara na maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, wanaume 4,996 walipigiwa kura: wengine walitahiriwa mara moja, wengine waliahidiwa kutahiriwa baada ya miezi 24. Maambukizi yalipungua kwa karibu nusu kwa waliotahiriwa mapema, na jaribio likasimamishwa ili wengine nao wapate huduma hiyo.

#21 Kijana wa Mbale
Kwa hiyo mkulima awaahidi mahindi ya magharibi kwamba yatatiwa majivu mwakani.

#22 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Kura haikuanzia hospitalini, Afande, ilianzia shambani. Ni mwanatakwimu Mwingereza Fisher aliyeanzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1843 ili kupima mbolea za ngano, akagundua kwamba ardhi haina usawa, ndipo akapendekeza vipande vipigiwe kura.

#23 Mwalimu wa Kemia, Gulu
Mwalimu mwenzangu, umeunganisha watu wawili. Majaribio ya Rothamsted yalianzishwa mwaka 1843 na Lawes na Gilbert. Ronald Fisher alizaliwa mwaka 1890 na aliajiriwa huko mwaka 1919, akakuta marundo ya takwimu za miaka mingi ambazo hazikuweza kujibu maswali waliyotaka, kwa sababu zilizo karibu kabisa na za rafiki yetu wa Bweyale. Kuhusu kura uko sawa.

#24 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Nashukuru kwa sahihisho. Nilitegemea kumbukumbu, nayo ni shahidi yule yule tunayemkataa hapa.

#25 Mkulima wa Bweyale
Ndugu zangu, nimesoma yote na sijakasirika, ingawa zizi la baba limetajwa mara nyingi kuliko jina langu. Nimebakiwa na robo ekari kwa ajili ya msimu huu. Nielezeni nifanye nini ili mwisho wa msimu msiwe na la kusema.

#26 Bibi Shamba, Masindi
La kusema litakuwepo tu, lakini tunaweza kulipunguza. Usigawe shamba mara mbili. Ligawe katika mikanda sita inayokatiza mteremko, ili kila mkanda uwe wa kimo kimoja na udongo unaokaribiana, na mkanda ulio penye zizi ubaki na zizi lake peke yake. Ndani ya kila mkanda tenga vipande vitatu vilivyo sawa, vya mistari minane kila kimoja. Kipande kimoja kipate majivu, cha pili kipate udongo mkavu uliochekechwa, cha tatu kiachwe. Udongo mkavu ndio ujanja wa jaribio hili, kwa sababu mkono utafungua moyo wa mmea kwa namna ile ile, na kama udongo utafanya kazi sawa na majivu, tutajua kwamba majivu hayana upekee wowote. Viwavi wasibanwe popote. Palizi ya mkanda mzima ifanywe siku moja. Ukianza mkanda, umalize.

Andika M (majivu), U (udongo) na A (kuachwa) katika vijikaratasi, tia katika sufuria, na mtoto avichomoe mkanda baada ya mkanda. Usichague wewe. Wakati wa mavuno acha mistari miwili ya kila pembeni, vuna ile minne ya katikati, kausha yote kwa siku zile zile, jaribu ukavu kwa chumvi kavu ndani ya chupa kama huna kifaa cha kupimia (chumvi ikinata kwenye chupa, endelea kukausha), kisha pima kwa mizani.

#27 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Nakubaliana na karibu yote, ila nina wasiwasi mmoja juu ya vipande vidogo vinavyopakana. Nondo wa kiwavijeshi huruka usiku na huchagua pa kutaga, na viwavi wachanga hupeperushwa na upepo kwa nyuzi zao hadi mimea ya jirani. Tuseme majivu hayaui, bali humfukuza tu nondo. Atahamia kipande cha jirani kisicho na majivu. Utaona tofauti kubwa sana, lakini jumla ya viwavi shambani haijapungua hata mmoja. Mkulima atakayetia majivu shamba zima hatapata faida hiyo, kwa kuwa nondo hatakuwa na jirani wa kumkimbilia.

#28 Bibi Shamba, Masindi
Hoja nzuri, na mistari ya pembeni haiitatui kikamilifu. Vipande vikubwa vingesaidia, lakini robo ekari ina mipaka yake. Ningeshauri ahesabu pia viwavi katika mimea ishirini ya kila kipande, kabla ya kutia na siku saba baadaye. Kama vipande visivyotiwa kitu vitapata viwavi wapya wengi ghafla, tutaanza kushuku kufukuzwa.

#29 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Kushuku, ndiyo. Kujua, hapana.

#30 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Kwa wanaopenda tarakimu: kama majivu hayana tofauti yoyote na kuacha, uwezekano wa kipande cha majivu kushinda cha kuachwa katika mikanda yote sita kwa bahati tu ni moja kati ya 64. Kikishinda katika mitano au zaidi, ni saba kati ya 64, yaani karibu asilimia 11, na hapo mimi binafsi nisingeita rafiki zangu kusherehekea. Ningependa Mkulima aandike leo, mbele yetu, ni kipimo kipi atakachokihesabu kuwa ndicho kikuu, uzito wa mahindi au idadi ya viwavi, ili asije akachagua kile kitakachompendeza baadaye.

#31 Mkulima wa Bweyale
Naandika: uzito wa mahindi makavu. Kura imepigwa jana na binti yangu. Lakini katika mikanda mitatu mfululizo majivu yameangukia upande wa kushoto. Inaonekana kama imepangwa. Naweza kurudia mkanda mmoja ili ichanganyike vizuri?

#32 Mwalimu wa Kemia, Gulu
Usirudie. Kura unayoirudia mpaka ikupendeze si kura tena.

#33 Mchuuzi wa Busia
Mimi nimewasoma siku nne na sasa nawashuku hata wanaodai posho (ugali) ya kuni ni tamu kuliko ya gesi. Shemeji yangu anaapa kwamba anaijua kwa tonge moja. Nimpime vipi? Nimpe sahani moja, akipatia nimeshindwa?

#34 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Sahani moja anaweza kubahatisha nusu kwa nusu. Mpe nane, nne za kuni na nne za gesi, umwambie ni nne kwa nne, zikiwa na joto moja na zimepangwa kwa kura, na anayempelekea asijue ipi ni ipi. Akizipatia zote kwa kubahatisha ni nafasi moja kati ya nane, kwa hiyo utaanza kumwamini.

#35 Kijana wa Mbale
Moja kati ya nane? Mwalimu, hata mimi niliyeacha hesabu kidato cha nne naona haifiki hapo.

#36 Mwalimu wa Hesabu, Arua
Umenishinda kihalali. Njia za kuchagua sahani nne kati ya nane ni 70, kwa hiyo ni moja kati ya 70. Fisher mwenyewe alilieleza jaribio la namna hii kwa vikombe vinane vya chai, juu ya bibi aliyedai kutambua kama maziwa yalitangulia kumiminwa au chai. Nitakunywa chai yangu sasa nikijutia harara ya vidole.

#37 Mama Kuku, Lira
Moshi wa kuni unakaa kwenye sufuria na hata kwenye nguo za mpishi. Shemeji hatahitaji ulimi, atatumia pua. Je, hapo atakuwa amejua posho au amejua mpishi?

#38 Mwalimu wa Fizikia, Jinja
Mama Kuku angefaa kuwa mhakiki wa majarida. Nimekumbuka Erasto Mpemba wa Tanzania, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Alichekwa darasani. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alijaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Jambo la kujifunza kwangu si kwamba kijana alikuwa sahihi. Ni kwamba mpaka leo wanafizikia hawajaafikiana: wengine wanataja mvuke, wengine hewa iliyoyeyuka, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine barafu ya chini ya chombo kuyeyuka, na wengine wanasema kuwa ukihamisha kipimajoto kidogo tu, matokeo yanabadilika. Maji na friji vimetushinda kwa zaidi ya nusu karne, na ninyi mna mdudu, mvua na zizi.

#39 Mkulima wa Bweyale
Narudi baada ya kimya cha miezi miwili na nusu, na habari si nzuri. Mbuzi wa jirani waliingia mkanda wa nne wakala kipande cha udongo na sehemu ya kipande cha majivu. Kipande kilichoachwa hawakukigusa. Mke wangu anasema nikitupe kipande cha majivu kwa sababu si haki kukihesabu. Nifanyeje?

#40 Mwalimu wa Kemia, Gulu
Ondoa mkanda wote wa nne, vipande vyote vitatu. Mbuzi si sehemu ya swali.

#41 Bibi Shamba, Masindi
Siafiki moja kwa moja. Je, mbuzi walivutwa na nini? Kama majani yenye majivu yaliwafanya wahamie ya udongo, basi mbuzi ni sehemu ya jibu. Na ukiruhusu kuondoa vipande baada ya kuona vimeharibika, kesho utaona sababu ya kuondoa kingine.

#42 Muuguzi, Soroti
Kwetu tungemhesabu mgonjwa katika kundi alilopangiwa hata kama alitoroka wodini, kisha tungefanya hesabu ya pili bila yeye na kuonyesha zote mbili. Muhimu ni uamuzi ufanywe kabla mtu yeyote hajaona uzito.

#43 Afande Mstaafu
Na jirani alipe fidia, kwa mizani.

#44 Mkulima wa Bweyale
Nimefuata ushauri wa Muuguzi. Nitatoa hesabu mbili, ya mikanda sita na ya mikanda mitano, na nimeyaandika hayo kabla ya kupima. Mahindi yamevunwa jana na yako juu ya turubai. Vifuko 18 vimepewa namba na mama yangu, ambaye hajui kusoma vijikaratasi vya kura na wala hataki kujua. Daftari lenye ufunguo wa namba liko kwa mwenyekiti wa kijiji. Chumvi bado inanata kwenye chupa. Kwa macho yangu kifuko namba 7 na namba 12 vinaonekana vizito kuliko vingine, lakini nimejizuia kuviinua.

#45 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Na hesabu ya viwavi ya siku ya saba?

#46 Mkulima wa Bweyale
Ninayo. Vipande vya majivu na vya udongo vinakaribiana sana, na vilivyoachwa vina viwavi wengi zaidi.

#47 Mama Kuku, Lira
Niliwaambia ni mkono.

#48 Fundi Mkaa, Nakasongola
Au udongo nao unakausha.

#49 Mwanafunzi wa Wadudu, Kampala
Au vyote viwili vimemfukuza nondo kuelekea vilivyoachwa. Mkulima, msimu ujao utahitaji kipande cha nne, cha kufungua moyo wa mmea bila kutia chochote.

#50 Mkulima wa Bweyale
Msimu ujao nitahitaji kwanza uzio.